Betri inasema 38%, laptopu inazima pu! Ninunue nyingine au hii bado inafufuka?

Mwalimu_Arua #1

Habari za usiku wakuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Arua. Natumia HP EliteBook 840 G3 niliyoinunua Kampala ikiwa tayari imetumika, na sasa ni mwaka wa tatu iko nami. Kasoro yake ni moja lakini inauma. Umeme ukikatika, betri inaanza na tisini na kitu, inashuka taratibu kama mtu mstaarabu, 80, 60, 45, ikifika 38 au 37 inazima pu! Haiagi, haionyi. Jana imeondoka na alama za S.3 (kidato cha tatu) nzima ambazo sikuwa nimezihifadhi.

Nikichomeka chaja na kuiwasha, inaniambia betri iko 4%. Hizo 34 nyingine zimekwenda wapi?

Fundi wa hapa mjini kaitazama, hakulegeza hata skrubu moja, akasema "imekufa, lete laki moja na nusu." Huenda ni kweli. Lakini mimi nafundisha hesabu, na kifo kisichopimwa hakiniingii akilini. Nasikia pia betri hufufuliwa. Naombeni mwongozo kabla sijatoa pesa, mshahara wenyewe mnaujua.

Mtoto_wa_Mpondwe #2

Friza, mwalimu. Itoe betri, ifunge kwenye kavera (mifuko ya plastiki) tatu, ilale ndani ya friza usiku mzima, asubuhi iache irudi kwenye joto la kawaida halafu chaji. Binamu yangu hapa Bwera alifanya hivyo kwa Toshiba yake ikarudi.

Fundi_Katwe #3

Mpondwe, binamu yako namheshimu, ila friza waachie samaki. Ushauri huo, pamoja na ule wa "imalize yote kabla ya kuchaji", ulizaliwa enzi za betri za nikeli na kadimiamu, ambazo kweli zilikuwa na tabia ya kukariri. Lithiamu-ioni iliingia sokoni 1991 kwa mkono wa Sony. Betri zikabadilika, ushauri ukabaki uleule. Baridi hupunguza kasi ya kuzeeka kwa betri iliyolala kabatini, basi. Kilichokwisha kuharibika hairudishi, na ukiitoa humo inatoka jasho la maji, nayo ina bodi ndani.

Mwalimu, usinunue kitu. Betri ya laptopu ina ushahidi wake wenyewe, tuanze na huo. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kwenye dirisha jeusi andika hivi:

powercfg /batteryreport

Itakuambia faili imehifadhiwa wapi, ifungue kwa kivinjari. Niletee namba tatu: DESIGN CAPACITY, yaani betri ilizaliwa na kiasi gani, FULL CHARGE CAPACITY, yaani leo yenyewe inadai inabeba kiasi gani, na CYCLE COUNT, idadi ya mizunguko ya chaji.

Kisha pakua HWiNFO, ni ya bure. Chomoa chaja, iache iende kwenye betri huku ukitazama mstari wa volti. Hifadhi kazi zako kwanza! Nataka kujua volti ilikuwa ngapi sekunde chache kabla ya ile pu. Ukishindwa kuiwahi kwa macho, irekodi kwa simu.

Mwalimu_Arua #4

Fundi, kazi nimeifanya. Mwanangu alishika simu, mimi nikashika roho.

DESIGN 46,500 mWh. FULL CHARGE 39,100 mWh. CYCLE COUNT 412.

Volti: ilianza karibu 12.9. Ilishuka polepole bila kuruka. Ilipozima asilimia ilikuwa 38, volti 9.2.

Sasa 39,100 kwa 46,500 ni 84%. Mwanafunzi wangu akipata 84 namwita mbele ya darasa apigiwe makofi. Mbona hii inazimia?

Fundi_Katwe #5

Inazimia kwa sababu hiyo 84 imeibia mtihani.

Ndani ya betri yako mna seli tatu zilizofuatana. Zikijaa kila moja ina kama volti 4.35, jumla 13 na kidogo. Zikiwa tupu kila moja huwa kwenye 3, jumla 9. Wewe umezima ukiwa 9.2. Kwa hiyo betri yako haikuzima ikiwa na 38%. Ilizima ikiwa TUPU. Volti haidanganyi, aliyedanganya ni karani.

Karani ni nani? Ni chipu ndogo ndani ya betri inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka. Mfikirie karani wa ghala la mahindi. Anakaa mlangoni na daftari, magunia kumi yameingia, manne yametoka, basi yamebaki sita. Ndani haingii. Miaka inakwenda, panya wanakula kule nyuma, yeye bado anaandika sita. Siku lori linakuja kuchukua sita yapo mawili, na hapo ndipo unaposikia pu.

Dawa ya karani ni kuhesabu stoo upya, kutoka imejaa mpaka tupu, moja kwa moja. Na hapa ndipo umeme wetu unapotuharibia. Chipu nyingi hazikubali hesabu mpya kama safari ilikatizwa, yaani umeshuka hadi 60, umeme ukarudi, ukachaji, ukakatika tena. Kwako Arua nadhani betri hiyo haijawahi kupata safari moja iliyonyooka tangu uinunue.

Fanya hivi:

Chaji hadi 100, halafu iache kwenye chaja saa mbili zaidi ipoe. Zima. Washa huku ukigonga F10 uingie BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, chomoa chaja, iache hapohapo kwenye ukurasa wa BIOS mpaka izime yenyewe. Sababu ya BIOS ni kwamba kule hakuna Windows ya kuilaza usingizi katikati ya safari. Ikizima usiiguse kama saa tano, seli zitulie. Kisha ichaji hadi 100 bila kukatiza. Chagua usiku ambao umeme wenu una adabu. Baadhi ya HP zina kipimo cha namna hii ndani yake, ukigonga Esc kisha F2 wakati wa kuwasha, tafuta upande wa betri. Ukikikuta kitumie, kinafanya kazi ileile.

Usitegemee itaongezeka! Ukitoa 38 kwenye 100 inabaki 62, na 62% ya 39,100 ni 24,242. Mimi naweka dau kwamba karani akiamka ataandika elfu ishirini na nne na kitu. Betri yako imebaki na nusu. Ila nusu inayojulikana unaweza kuipangia kazi.

Dada_Koboko #6

Fundi samahani nadandia uzi wa mwalimu. Yangu haizimi, ina kama saa tatu nzima. Ila ile sehemu ya kuchezeshea kidole imegoma kubonyezeka, imeinuka kama andazi. Nilidhani ni vumbi la huku, nikaisukuma na kijiko. Je, hiyo nayo inatengenezwa na hilo dirisha jeusi?

Fundi_Katwe #7

DADA USISUKUME TENA. Zima sasa hivi, chomoa chaja, usiiwashe tena mpaka betri itoke.

Hilo andazi ni betri imevimba. Majimaji ya ndani yameanza kuoza na kutoa gesi, mfuko umejaa, unasukuma kila kilicho juu yake. Kwamba bado inakupa saa tatu isikudanganye, betri iliyovimba inaweza kuwa na chaji safi kabisa, na ndiyo sababu ni ya hatari zaidi. Aliyezoea aitoe kwa kadi ya plastiki, asiichokonoe kwa bisibisi. Usiitoboe "ipumue", nimeona watu wanafanya. Na usiitupe kwenye lile shimo la taka la nyuma ya nyumba linalochomwa moto jioni. Weka kwenye debe la chuma lenye mchanga mkavu, nje, mbali na paa la nyasi, mpaka upate wa kuipokea mjini.

Laptopu yenyewe itaendelea kufanya kazi kwa chaja tu bila betri, nyingi zinakubali.

Dada_Koboko #8

Yesu wangu. Nimelala nayo kitandani wiki nzima natazama sinema.

Imetoka. Iko kwenye debe. Mama anauliza kwa nini nimezika kompyuta.

Pengwini_Busia #9

Naongeza kwa wanaotumia Linux, maana fundi kasema Windows tu. Mimi nina ThinkPad T450. Hizi zina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa nyuma. Ile ya nyuma huliwa kwanza, ikiisha unaichomoa laptopu ikiwa inawaka unaweka nyingine. Kwa mtu wa safari za Busia na Kampala hicho ni kitu cha kusujudia, sijui kwa nini waliacha kuzitengeneza.

Kuangalia uzima:

cat /sys/class/power_supply/BAT1/energy_full
cat /sys/class/power_supply/BAT1/energy_full_design

Gawanya ya kwanza kwa ya pili, hapo una asilimia yako. Upande huu pia kuna programu iitwayo TLP yenye amri ya tlp recalibrate, inafanya ile kazi ya kumwamsha karani bila wewe kukesha.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni kwamba uwezo si kipimo pekee. Betri yangu ya nyuma ilikuwa na 71% ya uwezo, karani amehesabu upya, kila kitu sawa. Bado ilikuwa inazima nikifungua video, hata ikiwa na nusu. Nikiandika tu, inakwenda mpaka 5% kwa amani.

Nikapima hivi. Laptopu ikiwa imetulia, power_now ilisoma wati 7 na voltage_now volti 11.6. Nikaipa kazi nzito, ikavuta wati 25, volti ikaanguka hadi 10.4. Wati gawanya kwa volti unapata ampia, 0.6 mwanzo, 2.4 baadaye. Kwa hiyo ampia 1.8 zaidi zilinigharimu volti 1.2. Gawanya 1.2 kwa 1.8 unapata omu 0.67. Huo ndio ukinzani wa ndani wa betri. Ile ya ndani, ambayo bado ni nzuri, nilipoipima vilevile nilipata 0.2.

Ni kama mtungi wenye maji mengi lakini mdomo umebana. Kikombe kimoja kimoja unapata, ukitaka kujaza ndoo unakwama. Hiyo haina tiba. Hakuna programu wala safari ya 100 mpaka tupu inayopanua mdomo ule.

Fundi_Katwe #10

Pengwini umeongea kama mtu aliyeshika multimita. Mwalimu, ndiyo maana nilikuambia utazame volti mpaka ile pu. Yako ilishuka kwa upole mpaka 9.2, huyo ni karani. Ingekuwa 11.2 halafu giza ghafla, ningesema ukinzani, au seli moja kati ya tatu imechoka kuliko wenzake, au hata soketi imelegea, na ningekuambia anza kuchanga pesa.

Mtoto_wa_Mpondwe #11

Sawa friza nimeiacha. Je, hii: nina Dell Latitude E6430, betri ya seli sita, ilikaa kwenye sanduku karibu mwaka. Sasa haichaji kabisa, taa inawaka rangi ya machungwa tu. Nimepima kwenye meno yake, sifuri. Jamaa hapa mpakani anasema niipige na betri ya boda, volti 12, dakika tano tu, inaamka. Ameamsha nyingi.

Fundi_Katwe #12

Ameamsha nyingi, ndiyo. Muulize zililala wapi baadaye.

Nitakusimulia langu. Mwaka 2016 nilikuwa bado kijana wa benchi, najifunza. Mteja akaleta betri ya laptopu ya seli sita, imekaa sana bila kuchajiwa. Nikaifungua, nikapima seli zenyewe, jumla volti 4 kwa makundi matatu. Nikachukua waya mbili na betri ya pikipiki, nikaipiga. Ikaamka! Nikaichaji ikajaa, mteja akaniongezea na pesa ya soda. Nikajiona daktari.

Wiki ya tatu akarudi, kabeba kipande cha meza. Ilikuwa kwenye chaja usiku, ikaanza kufuka moshi, watoto wamelala chumba hichohicho. Mungu alimwamsha mama yao. Sijapiga betri tena na volti za pikipiki tangu siku ile.

Sababu yake ni hii. Ndani ya seli upande mmoja umepakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Seli ikishuka chini ya kama volti 2 na kukaa hapo, shaba inaanza kuyeyuka kuingia kwenye majimaji. Ukiichaji, ile shaba inarudi kuganda, lakini haigandi ilikotoka. Inaota vijimiiba popote, na siku kijimiiba kimoja kikigusa upande wa pili unapata shoti ndani ya seli ambayo hakuna fyuzi inayoiona. Chembe za chuma ndani ya seli ndizo zilizofanya Dell mwaka 2006 waziite zirudishwe betri milioni 4.1 zenye seli za Sony. Kama kiwanda cha Japani kilishindwa kuzuia chembe, wewe na waya wa boda mnategemea nini?

Kuhusu yako: sifuri kwenye meno haimaanishi seli ni sifuri. Betri nyingi hufunga mlango wa nje mpaka ziunganishwe na laptopu, na mlinzi wa ndani pia huufunga seli zikishuka sana. Jaribu njia halali kwanza. Iweke kwenye laptopu iliyozimwa, chomeka chaja ya kweli, iache saa moja au mbili. Saketi ya kuchaji hujua kuibembeleza betri iliyoshuka, inaipa umeme kidogo sana mpaka ivuke karibu volti 3 kwa seli, halafu ndiyo inafungua bomba. Ikikubali, kaa nayo ile siku ya kwanza, iguse kila baada ya muda. Ikipata joto la kuunguza kiganja, mchezo umekwisha.

Na kabla hujailaumu betri, hiyo ni Dell, tazama chaja. Katikati ya jeki yake kuna sindano nyembamba, ndiyo inayoiambia laptopu "mimi ni chaja ya wati kadhaa". Sindano ikikatika au chaja ikiwa ya bandia, laptopu itawaka vizuri lakini betri haitachajiwa ng'o. Ukiiwasha utaona maandishi kwamba aina ya chaja haijulikani. Nimepokea betri nzuri kumi na kitu zilizohukumiwa kufa kwa kosa la sindano.

Mtoto_wa_Mpondwe #13

Hayo maandishi ninayaona kila siku! Huwa nabonyeza F1 napita.

Fundi_Katwe #14

...

Azima chaja ya jirani mwenye Dell, ssebo. Kisha urudi hapa.

Sola_Nakivale #15

Salamu kutoka kambini Isingiro. Huku sisi ni sola tupu, nachaji simu na laptopu za watu. Nimeona kitu kimoja: zile inveta za bei ndogo zinachemsha chaja, unasikia inanguruma kama nyuki, na laptopu nayo inapata homa. Nikanunua chaja ya gari, inayochukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi 19.5 moja kwa moja. Huna haja ya kwenda 240 na kurudi, na betri ya sola inadumu usiku. Weka fyuzi kwenye waya tu, laptopu ya wati 65 inavuta kama ampia 6 upande wa 12.

Fundi_Katwe #16

Safi kabisa. Joto ndilo linaloua betri kuliko hizo cycle watu wanazozihesabu. Betri iliyojaa 100, ndani ya laptopu iliyolazwa juu ya blanketi, kwenye nyumba ya bati saa nane mchana, hiyo inachemshwa kama mihogo.

Kijana_Mbale #17

Mimi nina kesi ya kinyume. HP, nimenunua betri mpya kabisa, inachaji hadi 80 inakwama. Nimemrudishia muuzaji, kanipa nyingine, nayo 80. Nilitaka kufanya safari ya 100 mpaka tupu, ila sasa 100 yenyewe siipati! Nimegombana na yule muuzaji mpaka tumeitwa kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji).

Pengwini_Busia #18

Ingia BIOS, tafuta Battery Health Manager. Utakuta imewekwa Maximize my battery health. Hiyo kazi yake ni kuzuia isipite 80, ili betri isikae imejaa muda wote. Lenovo nao wanayo kwenye programu yao ya Vantage, Asus pia. Aliyekuwa na hiyo laptopu kabla yako alikuwa mtu wa ofisini.

Nenda kamwombe radhi muuzaji.

Kijana_Mbale #19

Imefika 100. Kwa muuzaji naenda kesho na soda. Mwenyekiti naye anataka yake.

Fundi_Katwe #20

Watu wataniuliza kama nao waweke hiyo 80. Kama laptopu yako inaishi kwenye chaja na umeme wako ni wa uhakika, weka. Kama umeme unakatika kila jioni na betri ndiyo taa yako, achana nayo, jaza. Betri umeinunua ikuhudumie, si uitunzie ujana wake.

Kwa wanaonunua mpya: ukiiweka tu, toa ripoti ileile. CYCLE COUNT iwe sifuri au karibu yake, na FULL CHARGE isiwe mbali na DESIGN. Ikiwa "mpya" ina mizunguko 200, ni ganda jipya lenye roho ya zamani. Ila namba za chipu nazo huandikwa upya na wajanja, kwa hiyo ipime pia kwa saa ukutani. Wale wanaobadilisha seli za duara wenyewe, zile za 18650, yaani upana milimita 18 na urefu 65: seli nzuri sana za saizi hiyo huzunguka mAh 3,500. Ukiona imeandikwa 9,800 irudishe, na uiweke kwenye mizani ya duka la dhahabu kabla hujairudisha. Ya kweli ina gramu 45 hadi 50, ile ya maneno matupu huwa nyepesi kama ahadi za kampeni.

Tena kubadilisha seli si kuchomelea tu. Niliwahi kuweka sita mpya, nikapima volti 12.4 safi, nje sifuri. Chipu iliona seli zimekatwa ikajifunga, imeandika kwenye kumbukumbu yake kwamba betri imeharibika moja kwa moja. Kuifungua unahitaji kifaa cha kuzungumza nayo kwa nyaya zake mbili za data, na programu yake. Usiku mzima nilikuwa na betri mpya iliyokataa kuamini kwamba ni mpya.

Mtoto_wa_Mpondwe #21

Chaja ya jirani imefanya kazi. Betri ilikaa kwenye 0% muda mrefu, kama saa moja na robo, halafu ikaanza kupanda. Sasa 100. Joto ni la kawaida. Ripoti inasema imebaki 58% ya ilivyozaliwa. Nikaushike mkono wa nani?

Jamaa wa boda kakasirika, nimemnyima kazi.

Mwalimu_Arua #22

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Jumamosi ya kwanza umeme ulikatika ikiwa 71 inachaji, nikaanza upya. Ya pili ikapita salama. Iliishia kwenye BIOS saa sita usiku, nikaiacha hadi alfajiri, nikachaji hadi 100.

FULL CHARGE CAPACITY: 24,900 mWh.

Fundi, dau lako umekosea kwa 658. Kwa mtu ambaye hajaigusa mashine nampa alama zote. Hiyo ni 53% na nukta.

Sasa inakwenda saa mbili na robo kwa kazi zangu za kuandika, inashuka mpaka 10, inanipa onyo, naihifadhi kazi, naizima mwenyewe kama binadamu. Nimesahihisha S.4 yote kwa vipande vya saa mbili mbili. Laki na nusu bado iko mfukoni, au tuseme ilikuwepo mpaka ada ya shule ilipoiona.

Nina swali la mwisho. Shuleni tuna Latitude nane kama ile ya Mpondwe. Zilifungiwa stoo shule zilipofungwa Machi 2020, na tulipofungua Januari 2022 hakuna aliyezikumbuka. Tunazitumia kwa waya tu, kila umeme ukikatika somo la kompyuta linageuka la historia. Kijana wetu wa maabara amefungua maganda ya betri, amepima kila moja kwenye seli kwa multimita. Jumla ya makundi matatu: tatu zina volti kati ya 8.1 na 8.6, mbili zina 7.7, moja ina 7.5, mbili zina 5.2 na 4.9. Nina safari ya Kampala wiki ijayo, nikuletee zote?

Fundi_Katwe #23

Mpe kijana hongera, ila mwambie asifungue tena ganda bila mtu mzima karibu, kisu kikiteleza kinaingia kwenye seli.

Zile sita za 7.5 kwenda juu bado ziko 2.5 au zaidi kwa seli. Zote zina nafasi, ila siahidi, miaka ni mingi. Nitazibembeleza moja moja hapa kwa umeme mdogo, nizipime kundi kwa kundi, itakayopata joto naikataa. Ukipata nne nzima shukuru. Bandika selotepu kwenye meno ya kila moja kabla hujazipakia.

Zile mbili za 5.2 na 4.9 usizilete. Ziko chini ya volti 2 kwa seli, na wewe unapanda basi la usiku lenye watu sitini. Ziache hapo shuleni kwenye debe la mchanga.

Dada_Koboko #24

Mwalimu, kama debe huna, nina langu. Bado lina nafasi.